Taa Nne za Landrova ya Kwa Ndila

Taa zilifika siku ya Jumatano zikiwa ndani ya gunia, zimefungwa kamba kama kuku wa kupelekwa sokoni. Mwenyekiti Mbuvi ndiye aliyezileta karakana kwa Kiilu. Akaliweka gunia juu ya meza ya kazi, akangoja mpaka watu wa soko wakakusanyika, ndipo akalifungua. Zilikuwa nne, za duara, kila moja upana wa sahani, zimepangwa juu ya chuma kimoja kirefu kama watu walioketi kwenye benchi la kanisa.

"Fundi," Mbuvi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza nyanya, "hizi zinaenda juu. Juu kabisa, mbele ya keria ya paani. Jumamosi Mheshimiwa mbunge anakuja kuzikabidhi, na anataka mtu akiwa hata Matinyani azione."

"Matinyani ni mbali, Mwenyekiti," mwanamke mmoja akasema.

"Basi avae miwani."

Watu wakacheka. Kiilu hakucheka. Alikuwa anaziangalia zile taa, kisha akainua macho kwenye keria ya Landrova.

Landrova ya zahanati ya Kwa Ndila ilikuwa mali ya kamati, na kamati ilikuwa Mbuvi. Mwaka huo wa themanini na saba ndilo lilikuwa gari pekee upande ule wa Kitui lililovuka mto Tiva kwenda kuchukua wagonjwa. Taa zake za kawaida zilikuwa zimebaki moja, nayo ilitoa mwanga wa kiberiti. Ng'ambo ya Tiva, saa moja na nusu kwa baiskeli, ndiko alikoolewa Nzilani, binti wa pekee wa Kiilu, na Nzilani alikuwa na mimba iliyobakiza siku za kuhesabu. Mtoto wa kwanza alikuwa amemtoa damu nyingi mpaka midomo ikawa rangi ya majivu. Sista Muthoki wa zahanati alishasema wazi: huyu wa pili asizaliwe nyumbani, uchungu ukianza tu gari liitwe.

Kiilu alikuwa amemwomba binti yake aje akae naye sokoni angojee huko. Wakwe walikataa. Walisema mwanamke mjamzito hawezi kuletwa kwenye nyumba isiyo na mwanamke, nani atampikia uji, nani atamkanda? Nyumba yake haikuwa na mwanamke kwa mwaka wa tatu sasa, na yeye alijua ni nani wa kulaumiwa kwa hilo.

Mbuvi alipoondoka, dereva Nzomo alibaki ameegemea mlango wa Landrova, anatafuna mswaki.

"Mzee, kweli juu kutakuwa kuzuri," akasema. "Nitaona mbali."

"Mbali kuna nini?"

"Kuna barabara."

"Mto Tiva una barabara? Kisima cha mchangani hakiko mbali, Nzomo. Kisima kiko hapa," Kiilu akapiga bampa kwa nyundo, "hatua kumi mbele ya pua yako. Taa zinafaa kukaa huku chini."

Nzomo akaacha kutafuna. Alikuwa yeye dereva, siku ile.

Siku ile ilikuwa ya mwaka wa themanini na nne, mwaka ambao watu walikula mahindi ya njano ya msaada. Kiilu alikuwa bado anaishi ng'ambo ya mto na mkewe Kaluki. Kaluki akashikwa na tumbo, tumbo likawa gumu kama ubao, na Landrova hii hii ikaitwa. Ikaja jioni haina taa hata moja. Taa zilikuwa zimekufa tangu mwezi wa tatu na kamati ilikuwa bado inashughulikia. Basi wakafanya kama watu wa huku walivyozoea kufanya gari likikosa taa: mtu mmoja anapanda keria, anashika karabai juu, na gari linafuata mwanga wake. Aliyepanda alikuwa Kiilu. Aliinua karabai mpaka bega likamuuma, akitaka mwanga ufike mbali, na kutoka kule juu mchanga wa Tiva ulionekana kama shuka iliyotandikwa, mweupe, sawasawa, hauna hata doa. Aliona mpaka miti ya ukingo wa pili. Akapiga paa la gari kwa kiganja kumwambia Nzomo, twende.

Gurudumu la mbele likaingia kisimani.

Wakati wa kiangazi Tiva haina maji juu. Maji yako chini ya mchanga, na akina mama huyachimbia visima vya kufika kifuani, leo hapa, wiki ijayo pale. Penye njia ya magari ndipo wanapopenda zaidi kwa sababu mchanga uliokanyagwa na magurudumu haubomoki haraka. Na huwezi kuvuka polepole ukivitafuta, wala huwezi kumtanguliza mtu kwa miguu. Gari likipunguza mwendo kwenye mchanga ule linazama hapo hapo. Unaingia kwa kasi ama huingii.

Karabai ilianguka ikavunjika. Majirani walipokuja na taa ya chemni wakaiweka chini, mchangani, ndipo Kiilu alipoviona. Vilikuwa saba. Kila kimoja kilikuwa na kivuli kirefu kilicholala nyuma yake, cheusi, wazi, huwezi kukosa kuviona hata ukiwa mlevi. Vilikuwa hapo wakati wote. Kaluki alikata roho saa kumi alfajiri, kichwa kikiwa juu ya koti la mumewe, kabla gari halijainuliwa.

Tangu hapo Kiilu aliuza mbuzi, akahamia sokoni, akafungua karakana. Kila aliyekaa kwenye benchi lake alisikia habari za kamati iliyoacha gari bila taa miezi mitano huku mwenyekiti akijenga nyumba ya mabati. Alikuwa sahihi, na watu walimwambia hivyo. Habari ya nani alikuwa ameshika karabai hakuisimulia, na watu kwa heshima hawakumuuliza.

Alhamisi alimwendea Mbuvi dukani. Alibeba karai la mchanga na tochi ya betri mbili. Mbuvi alikuwa nyuma ya kaunta anapima sukari.

"Nini tena, Fundi? Unataka kujenga dukani kwangu?"

"Nataka dakika tano, Mwenyekiti. Twende ghalani, kwenye giza."

Ghala la mahindi halikuwa na dirisha. Kiilu akaweka karai chini, akabonyeza mashimo kwa kidole gumba, manne, matano, akawasha tochi na kuinyanyua juu ya kichwa.

"Unaona mashimo?"

Mbuvi akainama. "Naona mchanga."

Kiilu akaishusha tochi mpaka ikagusa ukingo wa karai. Mashimo yakajitokeza yote mara moja, kila moja na mkia wake wa kivuli.

"Na sasa?"

Mbuvi aliinama zaidi. Aliona, Kiilu alijua ameona, kwa sababu alisogeza mguu kama mtu anayeogopa kutumbukia. Halafu akajinyoosha, akapangusa magoti.

"Unanichezea mchanga kama mtoto wa nasari."

"Mwenyekiti, Nzilani yuko ng'ambo. Siku zake zimefika."

"Na taa ile nyingine ya chini si ipo? Itamwonyesha hayo mashimo yako."

"Zile za juu zitaimeza. Nne kwa moja, tena hiyo moja ni mgonjwa."

"Kiilu, sikia." Mbuvi akashusha sauti. "Mheshimiwa amesema juu. Picha itapigwa. Mimi nikienda kumwambia fundi wangu amekataa, mwaka ujao atatupa hata glovu ya sista? Ziweke juu. Dereva atajua mwenyewe vile ataendesha."

"Dereva alijua mwenyewe mara ya kwanza."

"Toka na karai lako, nina wateja."

Kiilu hakulala vizuri. Alikuwa anageuka kitandani akihesabu siku, akizianza upya kila akizimaliza, kana kwamba angezipata zimeongezeka. Akifunga macho anaona shuka nyeupe. Mara akajiuliza kama labda amekosea yeye, mtu wa darasa la pili anayebishana na watu wa Nairobi. Labda taa za kisasa si kama karabai. Labda zina nguvu ya kufukuza kivuli na shimo pamoja. Akaamka, akachukua tochi, akaimulika nyufa za sakafu yake, juu, chini, juu, chini. Ikawa vile vile.

Ijumaa asubuhi Nzomo alileta Landrova ikiwa imeoshwa mpaka matope ya chini ya madigadi. Kiilu alimtuma nyaya na fyuzi Kitui mjini ili asiwepo. Halafu akafungua mtungi wa gesi, akavaa miwani myeusi, akaanza kazi. Alikata vipande viwili vya chuma, akavikunja, akavichomelea kwenye bampa, akakichomelea kile chuma kirefu cha taa juu yake. Alikipima kwa goti lake: taa zikakaa sawa na goti. Mbele yake akaweka wavu wa chuma ili mawe yasizivunje. Mara mbili alilazimika kusimama, anywe maji, aanze tena. Nzomo aliporudi wakaunganisha nyaya bila maneno. Kufika saa tisa taa zote nne zilikuwa zinawaka.

Mbuvi alikuja saa tisa na nusu. Alizunguka gari mara moja. Alizunguka mara ya pili.

"Nilisema juu."

"Ulisema."

"Hii ni juu?"

"Hiyo ni bampa, Mwenyekiti."

Mwuza nyanya mmoja akaangua kicheko, akajifanya anakohoa.

"Fungua boliti."

"Hakuna boliti. Nimechomelea."

Mbuvi akainama, akaona. Mshipa wa shingo ukamsimama. "Wewe ni nani? Wewe ni darasa la pili! Mheshimiwa ana digirii!"

"Digirii yake imevuka Tiva mara ngapi?"

"Usinijibu hivyo! Unafikiri watu wamesahau?" Mbuvi akageukia umati uliokuwa umeshajaa. "Miaka mitatu anatukana kamati. Ati, 'Kamati iliua mke wangu, kamati iliua mke wangu.' Sasa mwambieni aseme, siku ile nani alikuwa juu ya keria ameshika taa?"

Nzomo aliangalia viatu vyake. Kiilu alivua ile miwani ya kuchomelea iliyokuwa bado imemkaa kwenye paji la uso, akaiweka mezani polepole.

"Mimi," akasema. "Nilikuwa juu na sikuona kitu. Niliwaambia twende. Ndiyo sababu nazitaka chini." Akamgeukia Mbuvi. "Na nilikuwa juu kwa sababu gari lako halikuwa na taa miezi mitano. Hilo pia uliseme mbele ya watu, usichague."

Mbuvi akapiga kelele aletewe msumeno wa chuma kutoka dukani. Ulikuwa umeshaletwa, na alikuwa ameshaupitisha mara tatu au nne kwenye chuma kile, kri, kri, kri, wakati baiskeli ilipoingia sokoni bila breki. Mulei, mume wa Nzilani, aliruka kabla haijasimama. Shati lilikuwa limemshika mgongo.

"Baba," akamwambia Kiilu, akihema. "Ameanza. Tangu saa sita. Na damu imetoka kidogo."

Kiilu akazunguka nyuma ya Landrova, akafungua turubai.

"Gari limeoshwa," Mbuvi akasema, na hata yeye alisikia jinsi neno lilivyotoka. "Nasema... kesho ni shughuli. Likivunjika leo mimi nitasema nini?"

Sista Muthoki alikuwa amevuka barabara na mkoba wake bila kuitwa. Alipanda nyuma ya Landrova, akaketi, akaweka mkoba mapajani.

"Mwenyekiti, mimi nimeshaingia," akasema. "Ukitaka kukata, nishushe kwanza."

Mbuvi alimtazama, akautazama msumeno mkononi mwake. Akampa mwuza nyanya.

"Basi mimi nakaa mbele," akasema. "Nilinde gari."

Walivuka kwenda kukiwa bado na jua. Kiilu alikuwa nyuma na Sista na Mulei, ametoa kichwa nje pembeni, anahesabu visima. Vilikuwa kumi na kimoja. Wiki iliyopita vilikuwa sita. Njia ya magari ilikuwa imechimbwa kama uso wa mwenye ndui, na Nzomo alilazimika kupita upande wa juu, akirudi upande wa chini, akikata kona mahali ambapo wiki iliyopita alinyoosha tu. Upande wa pili walipoteza muda. Nzilani hakuweza kutembea, wakwe walitaka kwanza mzee wa kanisa amwombee, mzee akatafutwa, akaomba, tena hakuwa mtu wa maombi mafupi. Walipompakia juu ya godoro jua lilikuwa limezama na anga limebaki na wekundu mwembamba tu. Walipofika ukingoni mwa mto hata huo haukuwepo.

Nzomo akasimamisha gari.

"Mzee," akaita nyuma, "uje mbele uone?"

Kiilu alikuwa ameketi chini, kichwa cha Nzilani mapajani mwake. Mkono wake ulikuwa umeshikwa na binti yake kwa nguvu ya mtu anayeteleza. Turubai lilikuwa limefungwa pande zote. Hakuona chochote isipokuwa kofia nyeupe ya Sista.

"Baba, usitoke," Nzilani akasema.

"Sitoki." Akapaza sauti: "Washa zote, Nzomo. Na usipunguze."

Akasikia swichi, tak. Akamsikia Nzomo akivuta pumzi, na Mbuvi naye kando yake akisema kitu kwa Kikamba, kitu cha mtu anayemtaja mama yake. Kisha gia ikaingia na gari likateremka.

Mchanga ulianza kunguruma chini yao. Kiilu alifunga macho, akayafungua, ilikuwa sawa tu. Alisubiri. Mwili wake wote ulikuwa unasubiri ule mshtuko, pua ya gari kuzama, watu kurushwa mbele. Alijua hata sauti yake.

"Kulia!" Sauti ilikuwa ya Mbuvi. "Kulia, Nzomo, kile pale! Hicho! Umekiona?"

"Nimekiona."

"Kingine! Kushoto, kushoto! Aiya, viwili! Pita katikati! Usipunguze, fundi amesema usipunguze!"

Gari likayumba kushoto. Mulei akamwangukia Sista, Sista akamsukuma. Nzilani alipiga ukelele, uchungu ulikuwa umemrudia, na Kiilu akamshika mabega akamkandamiza godoroni ili asirushwe.

"Kulia tena! Kulia! Hicho ni kikubwa, Nzomo! Mungu wangu, hicho kingetumeza sisi wote!"

Kiilu alikuwa anahesabu. Tano. Sita. Saba. Nane. Gari likapunguza, injini ikalia kwa uchovu, magurudumu yakaanza kuchimba, na kila mtu ndani akasogea mbele kana kwamba angelisukuma kwa kifua. Likashika. Likaenda. Tisa. Mbuvi alikuwa amepoteza sauti, sasa alikuwa anapiga dashibodi kwa kiganja, mara mbili kwa kulia, mara moja kwa kushoto. Kumi. Kisha pua ya gari ikainuka juu, mawe yakagonga chini, na walikuwa kwenye udongo mgumu.

Cha kumi na moja hakukisikia kikitajwa. Pengine kilikuwa mbali na njia. Aliendelea kukingoja mpaka taa ya zahanati ilipoonekana.

Mtoto alizaliwa saa tatu usiku, wa kiume, na Nzilani alitoka damu lakini Sista alikuwa na dawa yake, ikasimama. Kiilu alikaa kwenye benchi la nje. Mbuvi alikaa upande wa pili wa benchi lile lile. Mlango ulipofunguliwa na Sista akasema wote wazima, Mbuvi alisimama, akasema ahsante kwa mtu asiyejulikana ni nani, akaenda nyumbani. Habari ya msumeno hakuitaja.

Jumamosi Mheshimiwa alifika akiwa amechelewa kwa saa tatu. Akina mama waliimba, picha ikapigwa. Halafu akalizunguka gari, akasimama mbele ya bampa, akakunja uso.

"Mwenyekiti, mbona taa ziko chini? Si tulisema juu?"

Kiilu alikuwa nyuma ya umati, pembeni ya ukuta wa zahanati. Chuma kile kilikuwa bado na alama ya msumeno, na kulikuwa na mafundi wengine Kitui mjini wa kuzihamisha taa.

Mbuvi akajikohoza, akachukua kipaza sauti.

"Mheshimiwa, kamati yangu ilikaa, ikafikiria sana," akasema. "Tuliona taa ikiwa juu inaficha shimo. Ikiwa chini, shimo linatoa kivuli. Mimi mwenyewe nilifanya majaribio na karai la mchanga. Hata jana usiku nimevuka Tiva nikiwa mbele, nikimwonyesha dereva."

Mheshimiwa akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Huu ni utaalamu," akasema. "Huyu ndiye kiongozi." Watu wakapiga makofi.

Nzomo alikuwa amesogea karibu na Kiilu. "Mzee, umesikia? Huyo mwizi amebeba mpaka karai."

"Nimesikia."

"Na hutasema kitu? Wewe?"

Kiilu alikuwa anamtazama Mbuvi akipeana mkono na Mheshimiwa mbele ya zile taa, na uchungu ulikuwa umemjaa mdomoni kama dawa ya kwinini.

"Akisema ni zake," akasema, "hatazihamisha."

Akainua mikono yake iliyoungua ungua, akapiga makofi pamoja na wengine.